Goti la Baba

Mama zetu, dada zetu, na papa wachache mliokubali kukaa katikati ya wanawake wengi hivi, jambo. Niliombwa niseme namna mabinti wanavyomkumbuka baba aliyefariki. Nilijaribu kuandaa maneno ya jumla, nikashindwa, maana baba za watu siwajui. Namjua mmoja tu, na huyo mmoja tunamgombania wanne.

Baba yetu alikuwa mtu wa chukudu. Hapa Goma haingenibidi kueleza chukudu ni nini, lakini naona vijana waliokulia kwenye pikipiki, basi nivumilieni. Ni ubao mrefu, usukani kama pembe za ng'ombe, magurudumu mawili ya mti yaliyovalishwa mpira. Haina mnyororo, haina pedeli. Goti moja unaliweka juu ya kipande cha sandali kuukuu kilichopigiliwa misumari kwenye ubao, mguu mwingine unasukuma chini. Ukiteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi au makaa, hapo husukumi tena. Unamwomba Mungu, na unakanyaga kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma. Ndiyo breki yenyewe.

Kazi hiyo ndiyo iliyolipa minervali, karo ya shule, ya watoto wanne, wote wasichana.

Mji huu umemjengea mtu wa chukudu sanamu yenye rangi ya dhahabu pale kwenye rond-point, mzunguko wa barabara. Baba kila akipita alikuwa anaitazama na kusema, "Huyu ndiye mwenzetu peke yake asiyesimamishwa njiani kulipishwa." Kisha anasukuma.

Alifariki mwaka wa 2019. Siku ya pili ya kilio nilikuwa nyuma ya nyumba nakoroga bugari, yaani ugali, nikamsikia mzee mmoja chini ya turubai akiwaambia wenzake: "Masikini, ule muzee anakufa bila kuacha mutu." Wakaguna wote, wakatikisa vichwa. Yaya mkubwa, dada yetu wa kwanza, alikuwa ametoka tu kumnawisha mikono mzee huyohuyo. Wa pili alikuwa amempelekea sahani. Bugari aliyoiminya ilipikwa na mtu ambaye, kwa hesabu yake, hayupo.

Sikumchukia. Nataka mlielewe hilo, maana nikihadithia habari hii watu hudhani nina hasira na wazee. Alikuwa anasema lugha aliyoikuta. Mtu, kwa lugha hiyo, ni yule atakayeitwa kwa jina la baba, atakayesimama mbele ya kaburi na kushika maikrofoni. Na kweli maikrofoni hatukuipata. Alizungumza baba mdogo, akazungumza jirani, akazungumza hata mtu aliyekuwa anamdai baba pesa. Sisi tulikuwa kwenye masufuria.

Neno moja la sheria, nisilipitie mbali kwa kuwa kuna walioniomba. Kanuni ya Familia ya nchi yetu ya Kongo, ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inawaweka watoto wa marehemu kwenye daraja la kwanza la warithi, na haichagui wa kike na wa kiume. Watu wakija kupima parseli yenu, yaani kiwanja, kwa hatua kabla ya siku arobaini, kama walivyokuja kwetu, mnaweza kuwakaribisha chai na kuwasomea. Sisi ndivyo tulivyofanya. Chai walikunywa.

Turudi kwa baba mwenyewe.

Picha tulikuwa hatuna. Zilizokuwepo ziliungua Alhamisi ile ya tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikaukata mji mpaka ziwani. Kwa hiyo ya kuweka juu ya jeneza tuliitoa kwenye carte d'électeur yake, kadi ya kupigia kura, tukaipeleka studio ikuzwe. Wengi wenu mmefanya vilevile, nawaona mnacheka. Ni uso wa mtu aliyeambiwa asitabasamu. Mama alipoiona alisema, "Huyu simujue," akageukia ukutani.

Siku ile ya 2002 nilikuwa na miaka saba. Baba alitupanga watatu juu ya chukudu, mama nyuma na gunia la maharage kichwani, tukaelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, pamoja na mji mzima. Uso wake siukumbuki. Nakumbuka shingo yake kwa nyuma, na jasho, na kwamba alikuwa anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Nilidhani anahesabu hatua.

Tuliporudi, jiwe lilikuwa bado linachoma kwenye kandambili. Nyumba haikuwepo hata alama. Baba alitafuta pembe ya ukuta wa jirani iliyochomoza, akapiga hatua kutoka pale, akasimama, akasema, "Hapa ni jikoni." Akajenga nyumba ya mbao palepale. Mpaka leo tunaishi juu ya paa la nyumba yetu ya kwanza. Kitinda mimba amezaliwa juu ya jiwe hilo, miaka miwili baadaye.

Basi ndio ugomvi wetu. Baba alikuwa na sugu gotini, ngumu kama kisigino, kwa sababu ya kile kipande cha sandali. Wakubwa wawili wanaapa lilikuwa goti la kuume. Kitinda mimba, ambaye alikuwa analipaka mafuta kila jioni miaka ya mwisho, anaapa ni la kushoto. Mimi katikati, sina ushahidi, nina shingo tu. Na maiti ya mwanamume huogeshwa na wanaume, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyepata kuangalia.

Mei 2021 volkano ilirudi. Jumamosi jioni ya tarehe 22 ilishuka ikaishia Buhene, karibu na uwanja wa ndege, kisha ardhi ikatetemeka siku nzima nzima, na Alhamisi tukaambiwa tuondoke. Tukatembea kwenda Sake. Usiku tulilala kwenye darasa la shule, familia sita, na kila mmoja wetu akafungua alichokibeba. Yaya mkubwa alibeba ile picha. Wa pili alibeba Biblia ya baba. Kitinda mimba alitoa kwenye kitenge kile kipande cha tairi, breki. Mimi, msomi wa familia niliyewasomea watu Kanuni, nilikuwa nimeisahau karatasi ya parseli juu ya meza.

Tulicheka mpaka majirani wakalalamika. Kisha ugomvi wa goti ukaanza tena, kwa kunong'ona: kuume, kushoto, wewe ulikuwa hujazaliwa, wewe uliolewa mapema unajua nini.

Mama tulidhani amelala. Akasema gizani:

"Ya kuume iliharibika ile usiku ya Gisenyi, bilikuwa bizito. Kisha akageuza."

Akavuta kitenge mpaka kichwani.

Hayo ndiyo yangu. Sasa maswali. Papa wa pale nyuma, tangu nianze kusema nakuona unashika goti. Mpatieni maikrofoni, aanze yeye.