Waya Nne Nyuma ya Spika: Tofauti Mnayoisikia Inatoka Wapi?

Asanteni. Naona wengine mmekuja na mikoba ya waya, kwa hiyo sitapoteza muda kuwaeleza spika ni nini. Mnajua kwamba nyuma ya spika nyingi za nyumbani kuna terminali nne badala ya mbili: jozi ya juu ni ya tuita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ya chini ni ya wufa, ile kubwa ya besi, na zimeunganishwa kwa vibati tunavyoviita jampa. Mnajua pia ushauri unaozunguka hapa Nairobi: ng'oa jampa, vuta waya wa pili kutoka kwenye amplifaya, tuita ipate njia yake na wufa yake, halafu kaa usikie maajabu. Hiyo ndiyo inaitwa baiwaya. Habari hii nimeulizwa harusini, nimeulizwa matangani, nimeulizwa nikiwa juu ya ngazi nikifunga spika za kanisa. Jibu langu ni lile lile. Tofauti huenda uliisikia kweli, lakini haikuletwa na ule waya wa pili.

Msinikasirikie bado. Nianze na mzee mmoja wa Buruburu, na walionisikia nikimsimulia mahali pengine wanivumilie, kwa sababu kila kitu kimo humo.

Mzee huyu ni mtu wa rumba. Ana spika za kusimama sakafuni, za Uingereza, za umri wa kutosha kupata kitambulisho. Jumapili moja akanipigia simu. "Fundi, wewe ndiye unayezunguka ukisema baiwaya ni upuzi?" Nikasema ndiye mimi, mzee. "Basi njoo usikie upuzi wenyewe."

Nikaenda. Akaniwekea Franco na TPOK Jazz, sauti ya wastani, akakunja mikono. Sebene, ile sehemu ya gitaa tupu, ilipoingia nikajua mzee hadanganyi. Spika zile nilikuwa nazijua. Niliwahi kuzisikiliza nilipokuja kumtengenezea amplifaya. Wakati ule gitaa za juu zilikuwa zimezama na besi imejaa chumba kizima. Sasa kila gitaa lilikuwa limesimama mahali pake. Ningekuwa mtu wa kubishana kwa kubishana tu ningesema ni mawazo yake. Hayakuwa mawazo. Masikio ya mzee ni mazima kuliko ya vijana wengi wanaopanda matatu zenye muziki kila siku.

Nikamwomba anionyeshe jampa alizozing'oa. Alikuwa amezihifadhi kwenye mkebe wa majani ya chai. Zilikuwa nyeusi, na kwenye matundu ya skrubu zilikuwa na ukungu wa kijani. Nikamwambia, mzee, kwa idhini yako, nizirudishe kama zilivyokuwa, bila kuzisafisha na bila kuzikaza zaidi ya ulivyozikuta. Nikapima kati ya terminali za chini na za juu. Mita ikasoma ukinzani, yaani kizuizi cha umeme, wa karibu omu moja, na nikiigusa skrubu kwa kidole namba inacheza. Jampa safi iliyokazwa vizuri haifiki hata sehemu moja ya mia ya omu.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Tuita ya omu 8 ikipata omu 1 ya uchafu mbele yake, inabaki na sehemu nane za tisa za volteji. Hiyo ni desibeli 1, kipimo cha ukubwa wa sauti, imekwenda, kuanzia pale krosova, ile sakiti ya ndani ya spika inayogawa sauti, inapokata hadi mwisho wa sauti za juu. Desibeli 1 kwenye eneo pana namna hiyo husikika. Miaka yote hiyo mzee amesikiliza rumba tuita zikiwa zimepunguzwa, na siku alipotoa jampa afunge waya wa pili, uchafu ukatoka pamoja na jampa. Sifa zote akazipata waya.

Nikapiga msasa laini, nikafuta kwa spiriti, nikarudisha jampa, nikakaza kwa koleo. Waya wa pili tukauweka kando. Sebene ikarudi, gitaa zikiwa palepale. Mzee akanyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nimelipa shilingi 18,000 kusafisha vibati?" Nikamjibu, mzee, hayo umeyasema wewe.

Lakini besi ilinisumbua. Uchafu wa jampa unaeleza gitaa. Hauelezi kwa nini besi imepungua kujaa, maana waya wa wufa haukuwa umepita kwenye jampa. Nikatazama chini. Kwenye zulia kulikuwa na alama nne za miguu ya spika, zimekandamizwa kwa miaka, na spika yenyewe imesimama mbele ya alama zile zaidi ya shibiri moja. Kumbe ili mkono upite nyuma kufunga waya, mzee alizivuta kutoka ukutani, na alipomaliza hakuzirudisha. Nikazisukuma kwenye alama zake. Besi ikavimba. Nikazivuta, ikatulia. Ukuta ulio karibu huongeza besi, hilo kila fundi wa kanisa analijua, lakini hakuna anayelikumbuka akiwa amepiga magoti na bisibisi mdomoni.

Ndiyo maana nawaambia: mtu anayefunga baiwaya hafanyi jambo moja. Anatoa jampa, anakaza skrubu zilizolegea, anakata ncha za waya zilizochakaa na kuchuna mpya, anasogeza spika, na akimaliza anaongeza sauti kidogo kwa furaha. Kisha anaketi kusikiliza kwa makini ambayo hajawahi kuwa nayo tangu anunue redio. Katika hayo yote, lililobaki bila kazi ni lile lililogharimu pesa.

Sasa wale wa nadharia, najua mmeketi pale kushoto. Mnasema besi na sauti za juu zikipita waya mmoja zinasukumana kama abiria mlangoni mwa matatu. Hazisukumani. Ndani ya shaba mikondo hujumlika tu, na ikifika kwenye krosova inatenganishwa: kapasita inazuia besi isifike kwenye tuita, koili inazuia sauti za juu zisifike kwenye wufa. Tena waya zako mbili zimefungwa kwenye terminali ileile ya amplifaya. Volteji ni moja. Waya wa tuita nao una volteji yote ya besi. Mkondo wake tu ndio haupiti, kwa sababu kapasita imekataa. Anayeniambia waya ule umebeba "sauti za juu peke yake" aje na mita tupime hapa hapa.

Chukua sebule ya kawaida. Waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule fundi wa stima anaoufunga kwenye soketi za nyumba, urefu wa mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10, ukinzani wake kama omu 0.07. Kwa spika ya omu 8 unapoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli. Ukifunga baiwaya, wufa inaona omu 0.07 zake na tuita inaona omu 0.07 zake. Karibu yale yale! Lakini chukua waya hizo mbili, zifunge sambamba, rudisha jampa safi: sasa ukinzani ni omu 0.035 kwa kila kitu. Yaani mtu aliyekwisha nunua waya wa pili anapata zaidi asipofunga baiwaya. Hili nimelisema sana na bado wauzaji wa waya hawajanialika chakula.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wufa ikicheza inageuka jenereta kidogo, inarudisha mkondo wake wenye uchafu, yaani mitetemo isiyokuwemo kwenye muziki, na uchafu huo ukipita kwenye waya wa pamoja utaonekana kwenye tuita. Ni kweli. Baiwaya hupunguza hilo, na ukiwa na kifaa kizuri utalipima. Sasa tulipe uzito wake. Tuseme wufa inatoa uchafu wa asilimia 1. Kwa ukinzani wa omu 0.07 dhidi ya 8, kinachofika kwenye tuita kiko takriban desibeli 80 chini ya muziki. Na uchafu uleule unatoka hewani, kwenye wufa yenyewe, ukiwa desibeli 40 tu chini. Umezima mshumaa huku nyumba ya jirani inawaka.

Wengine watamtaja Richard Vandersteen, mtengenezaji wa spika wa Marekani ambaye ametetea baiwaya kwa miaka mingi. Yeye anasema alipima uga wa sumaku kuzunguka waya wenye mkondo mkubwa wa besi, ukipanuka na kusinyaa. Sina shaka aliupima. Kila waya wenye mkondo una uga. Swali ni kama uga huo unaharibu sauti za juu zilizomo kwenye waya huohuo, na shaba na hewa havina tabia hiyo. Ingekuwa chuma, tungezungumza.

"Basi kwa nini kampuni kubwa zinaweka terminali nne?" Kwa sababu wewe ukiingia dukani unageuza spika kutazama nyuma, ukikuta mbili unaona umepunjwa. Dynaudio wa Denmark wamejulikana kwa kuweka jozi moja tu, na hakuna anayesema hawajui spika.

Na msiniambie "masikio yangu yanatosha." Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu spika, mara wakiziona, mara zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia, na alama walizotoa zilibadilika kulingana na walichokiona. Wasikilizaji wenyewe walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya sauti. Kama macho yaliwapoteza wao kwenye spika nzima, mimi na wewe tutapona kwenye waya?

Nilitaka nusu ya mhadhara huu iwe ya chumba, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka, basi. Nyumba zetu za kupanga ni mawe, plasta na vigae. Chumba cha urefu wa mita 4 kina mlio wake wa karibu Hz 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, na ukitoka katikati kwenda ukutani besi hiyo inaweza kubadilika kwa zaidi ya desibeli 10. Mko hapa mnagombania sehemu ya kumi ya desibeli! Mwanafizikia Wallace Sabine kule chuo kikuu cha Harvard, mwaka 1895, alipewa ukumbi wa mihadhara ambao mtu hasikiki kwa mwangwi. Alibeba mito ya viti vya ukumbi wa jirani usiku, akaipanga kidogo kidogo, akipima kwa filimbi ya kinanda na saa mkononi. Sayansi yote ya mwangwi wa vyumba ilianzia kwenye mito ya viti. Zulia nene na mapazia mazito ya soko la Gikomba yatakufanyia kazi ambayo hakuna waya utakaoifanya. Yule aliyeuliza pale mlangoni kuhusu kubandika kreti za mayai ukutani ili kuua mwangwi: hapana, hazisaidii, tutaongea.

Ukinunua waya barabara ya Luthuli, kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipa. Ikitokea rangi ya fedha ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme vibaya zaidi na hukatika kwenye skrubu. Kwa pesa hiyohiyo nunua waya wa shaba tupu kwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Amplifaya yenye terminali A na B, za jozi mbili za spika: baadhi, ukiwasha A na B pamoja, huziunganisha kwa msururu, moja nyuma ya nyingine, si sambamba. Ukifunga wufa kwenye A na tuita kwenye B utapata mnong'ono, kisha utanipigia simu usiku kuniambia spika zimekufa. Soma kitabu chake kwanza.

Mada ya amplifaya mbili kwa spika moja sitaifikia leo. Ni jambo tofauti kabisa, msilichanganye na baiwaya, na anayekwenda kulijaribu usiku wa leo nampa onyo moja tu: jampa zitoke kabla hujawasha. Zikibaki, amplifaya zako mbili zitakuwa zimeunganishwa mdomo kwa mdomo, na hiyo itakuwa gharama kubwa kuliko waya wowote. Haya, maswali, na ya kreti za mayai yaje mwisho.