Kati ya siku 84 na darasa la awali

Ahsante mwenyekiti. Walionisikia mwaka jana wanajua nimekuja kusema nini, na nitasema tena lile lile: tuwape mama wa sokoni mahali pa kulelea watoto mchana, kwa sababu masoko yanaendelea kujengwa yakiwa na vyoo, maegesho na chumba cha mlinzi, na hakuna hata pa kumtandikia mtoto mkeka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, 100 akijifungua mapacha. Darasa la awali linampokea mtoto akifika miaka mitano. Hapo katikati ni miaka minne na ushee, nani anamshika huyo mtoto? Na hapo nazungumzia mwenye mkataba. Mama lishe na muuza dagaa hawana hata hizo 84. Arobaini ikitoka, yuko sokoni.

Nikiwa afisa ustawi wa jamii, bado msichana, nilipangiwa kukagua vituo vya kulelea watoto mchana katika manispaa moja ya hapa Dar es Salaam. Tukafika kwa bibi mmoja nyuma ya soko. Chumba kimoja na baraza, watoto kumi na tisa. Uji uko jikoni, na lile jiko la mkaa kalizungushia matofali watoto wasilifikie. Kila kikombe kafunga uzi kwenye mkono wake, huu mwekundu, ule wa kijani, ili mwenye kifua asimwambukize mwenzake. Akina mama walimlipa jioni wakifunga biashara. Ambaye siku ile hakuuza, alilipa kesho. Fomu yangu haikuwa na mahali pa kuandika habari za vikombe. Iliuliza kibali, uzio, matundu ya vyoo na cheti cha mlezi. Bibi hakuwa na hata kimoja. Nikamfungia.

Wiki iliyofuata nikapita sokoni kununua mchicha. Mama wa meza ya nyanya akaniita: "Dada, si wewe uliyefunga kwa Bibi?" Chini ya meza, ndani ya tenga, amelala mwanawe mdogo. Nikamuuliza mkubwa yuko wapi. "Nimemfungia ndani. Nimemwachia maji na andazi, saa sita nakimbia kumwangalia." Wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, sasa nimpeleke wapi? Sikuwa na jibu. Kituo chenye kibali kilichokuwa karibu kilitaka ada ya muhula kwa mkupuo, na saa sita mchana kinafunga geti. Soko linafungwa magharibi.

Ndugu zangu, sipingi usajili. Wako watoto walioumia kwenye vyumba kama vile, na nimewaona. Tumekuwa na sheria ya vituo hivi tangu 1981, na sasa mambo hayo yamo katika Sheria ya Mtoto ya 2009. Ninachodai ni kwamba siku ile mkononi nilikuwa na mamlaka ya kufunga tu. Sikuwa na fungu hata la kumjengea yule bibi choo, wala mafunzo ya wiki mbili ya kumpeleka. Ningekuwa navyo, watoto kumi na tisa wangebaki pale pale, salama zaidi.

Kuna atakayesema, bibi zao si wapo? Bibi wa siku hizi ana miaka arobaini na saba, na meza yake iko jirani na ya binti yake! Mwingine atasema achukue dada wa kazi. Dada huyo ni nani? Mara nyingi ni binti aliyetolewa kijijini, miaka kumi na mitatu, kumi na minne, aliyetakiwa awe darasani. Tunamlea mtoto mmoja kwa kumwachisha mwingine shule, halafu tunasema tatizo limekwisha.

Na msiniambie hela hakuna. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 humo ni ya wanawake. Mnampa mama mtaji, mnamdai marejesho, na mtoto yuko mgongoni mwake siku nzima. Mtaji huo anauzungushaje? Tunayo pia programu jumuishi ya taifa ya malezi na makuzi iliyozinduliwa 2021, inamtazama mtoto tangu mimba hadi miaka minane. Karatasi nzuri, naiheshimu. Naomba niione kwenye bajeti ya kata.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nikimbie basi. Sheria inampa mama saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na kuishi Chanika, huko pembezoni, saa hizo zinaishia kwenye daladala. Kwa hiyo bila chumba cha watoto karibu na kazini, haki hiyo haina kazi. Wakenya katika Katiba ya 2010 waliandika kabisa kwamba elimu ya chekechea na malezi ya mchana ni jukumu la kaunti, kwa hiyo mzazi anajua mlango wa kugonga. Sisi mlango wetu ni upi? Mishahara ya walezi nilitaka kuizungumza kwa kirefu, nitaiacha.

Mheshimiwa Diwani, pale mlangoni umeniambia ramani ya soko lako bado iko kwa mhandisi. Mpigie leo. Chumba upande usiopigwa na moshi wa mama lishe, bomba la maji, choo kifupi cha watoto, mlango wa kufungwa kwa komeo la juu. Kifunguliwe alfajiri pamoja na soko, walipe kwa siku. Na mafunzo yakianza, waanzeni na wale mabibi ambao tayari wanawalea.