Ukaguzi wa Msimbo Si Uwanja wa Kubishania Mabano

Ndugu zangu watengeneza programu, habari za jioni. Niingie moja kwa moja kwenye mada.

Kijana anatuma mabadiliko yake ya kwanza kwenye mradi. Amerekebisha hitilafu iliyowasumbua watumiaji muda mrefu. Anasubiri jibu kwa hamu, na jibu likija ni hili: tumia alama mbili za kunukuu, si moja, mstari huu umezidi urefu, mabano ya kufunga yashuke chini. Kama hitilafu yenyewe imekwisha, hakuna aliyeuliza. Jambo hili linaniuma, kwa sababu umakini wa mkaguzi ni mali adimu kuliko zote tulizo nazo mradini, nasi tunaumalizia kwenye nafasi tupu.

Hapa tunachanganya mambo mawili. Kuna sura ya msimbo: ujongezaji (nafasi tupu mwanzoni mwa mstari), urefu wa mstari, mahali pa mabano. Na kuna kanuni zinazonasa makosa, kazi ya linta, yaani programu inayosoma msimbo na kuonya penye kosa, ambayo ni ya zamani. Stephen Johnson aliandika lint ya kwanza kule Bell Labs mwaka 1978 kwa ajili ya lugha ya C. Sura iamuliwe mara moja na kukabidhiwa mashine. Kanuni za makosa ndizo zinazostahili mjadala wetu.

Kwa nini nasisitiza hilo la pili? Februari 2014 Apple walitoa marekebisho ya haraka ya iPhone. Katika msimbo unaohakiki utambulisho wa seva, mstari usemao goto fail, yaani ruka hadi sehemu iitwayo fail, ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti. Wa pili ulijongezwa sawasawa na mwenzake, lakini haukuwa chini ya sharti lolote, hivyo ulitekelezwa kila mara na uhakiki wa saini ukarukwa. Mtu aliyeketi katikati ya mawasiliano angeweza kujifanya benki yako. Jicho la binadamu linautazama ujongezaji ule na kuridhika. Tahadhari ya msimbo usiofikika, yaani usioweza kutekelezwa kamwe, ingelinasa kosa hilo, na Clang, kompaila inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ilikuwa nayo, ila haikuwa miongoni mwa zile zinazowaka zenyewe. Mwaka 2016 kompaila nyingine, GCC 6, ikaja na tahadhari mahususi ya ujongezaji unaopotosha.

Sasa sura. Penye wengi pana mengi, na kwenye urefu wa mstari yamo mengi kweli. Mwongozo wa Python wa mwaka 2001, PEP 8, unasema herufi 79, kisha unaruhusu timu iliyokubaliana ifike 99. Black, programu inayoupanga msimbo wa Python yenyewe, hutumia 88. Linux ilishikilia 80 kwa miaka, hadi 2020 programu yao ya kukagua viraka ikaanza kuvumilia 100. Hakuna tarakimu iliyo sahihi kuliko nyingine. Wabunifu wa lugha ya Go waliliona hilo mapema: gofmt, programu yao ya kupanga msimbo, haina chaguo la mtindo hata moja, na kwa sababu hiyo mjadala huo kwao haupo.

Mfano ninaowaomba muusome kwa makini ni wa Django. Huo ni mradi wa Python wa kutengenezea tovuti, uliotolewa kwa umma mwaka 2005, wenye wachangiaji wengi na mazoea yaliyokwisha kukomaa. Walijadili kuhamia Black, na pingamizi hazikuwa za kipuuzi: mashine wakati mwingine huharibu mpangilio ambao mwandishi aliupanga kwa akili ili usomeke. Hata hivyo, mwaka 2019 pendekezo lilipitishwa, likiwa limeandikwa, pamoja na sababu zake. Halafu wakasubiri. Black ilikuwa bado ya majaribio, na sura ya msimbo ingebadilika kila toleo. Toleo thabiti lilipotoka Januari 2022, mwezi uliofuata Django ikapangwa upya yote kwa komiti moja, yaani rekodi moja ya mabadiliko katika historia ya mradi, isiyochanganywa na badiliko jingine.

Komiti hiyo moja ina faida ambayo wengi hawaioni. Hofu kubwa ya kupanga upya ni kuharibu historia: unauliza nani aliandika mstari huu na kwa nini, unaonyeshwa siku ya usafi tu. Tangu toleo la 2.23 la Agosti 2019, Git, programu inayotunza historia ya msimbo, inaweza kuambiwa iziruke komiti zilizoorodheshwa kwenye faili fulani inapotafuta mwandishi. Django waliweka kitambulisho cha komiti yao kwenye faili la namna hiyo. Ukichanganya usafi na marekebisho ya mantiki, huwezi tena kufanya hivyo.

Kwa upande wa linta, anzeni na kanuni chache: kigeu kisichotumika, jina lisilofafanuliwa, msimbo usiofikika. Safisheni makosa yaliyopo ndipo muifanye kanuni kuwa kizuizi. Linta inayotoa tahadhari mia ambazo hakuna anayezisoma inawafundisha watu kupuuza hata ile moja ya kweli. Na fungeni toleo moja la zana, lilelile kwenye kompyuta ya kila mtu na kwenye seva ya majaribio. La sivyo mgeni atapita salama kwake na kukwama kwenu, bila kujua amekosea nini.

Dada pale mbele ameuliza: na palipo na sababu halali ya kuivunja kanuni? Ivunjwe. Kwenye flake8, linta ya Python, utaandika noqa mwishoni mwa mstari ili usilalamikiwe. Ila usiiache tupu, maana tupu hunyamazisha kila kanuni katika mstari huo. Taja namba ya kanuni, mathalani E501 ya urefu wa mstari, na katika maoni ya mstari wa juu eleza sababu kwa sentensi moja. Kanuni ileile ikiendelea kuvunjwa kila wiki kwa sababu nzuri, leteni pendekezo la kuiondoa kwenye faili la mipangilio, na lijadiliwe hapo na timu nzima.