Kusafisha njia ya petroli kwenye mashine ya boti bila kuwasha moto

Asalaam aleikum, karibuni tena. Leo tupo ufukweni Nungwi, maji yametoka, boti imekaa mchangani. Mashine hii ya nyuma ni ya farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili, na mwenyewe analalamika kwamba ikifika nje ya mwamba inazimika. Tutafungua chujio, tutasafisha kabureta, tutaangalia plagi. Ufundi wenyewe wengi mnaujua. Mimi leo nataka tuifuate petroli: ikimwagika inakwenda wapi.

Inakwenda chini. Kijana wangu, leta kamera huku ngamani, chini kabisa ndani ya boti. Petroli ikiwa majimaji haiwaki yenyewe, kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Unatoka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse hapa saa saba mchana. Pakiwa wazi, upepo unauchukua. Ndani ya boti unateremka katikati ya mataruma, yaani mbavu za boti, na kutulia hapa chini, kama maji kwenye bakuli. Wala hauhitaji kuwa mwingi. Kwenye hewa ukifika asilimia moja na nusu hivi, cheche moja inatosha.

Basi kabla ya kushika spana, tazama majirani. Mnawaona wazee wale wanachoma dau kwa makuti? Wanaua vidudu vinavyotoboa mbao, kisha watapaka deheni, mafuta ya kulinda mbao. Kazi ya tangu enzi, na dau lao halina tone la petroli. Wenye petroli ni sisi, kwa hiyo wa kusubiri ni sisi. Nimekwenda, nimewaamkia, wakasema wanamalizia. Moto ukizimika kabisa, na makaa yakifukiwa, ndipo tunaanza. Mtu mwenye sigara naye asogee, na jiko la chai vilevile. Simu watu wanaiogopa mno. Mimi naogopa zaidi betri ya boti, maana cheche yake unaiona kwa macho.

Haya, betri. Fungua waya wa hasi kwanza. Ukianza na chanya, spana ikagusa chuma cha mashine, umeshapiga shoti. Fungua sasa, kabla hatujamwaga chochote, halafu usiirudishe mpaka mwisho.

Tangi la lita 25 linatoka ndani ya boti. Chomoa mpira kwenye mashine, funga kifuniko na ile skrubu ya hewa, lishushe mchangani kivulini, hatua ishirini kutoka hapa. Hata kujaza tunajazia chini. Petroli ikipita kwenye mpira au faneli inazalisha umeme tuli, na chombo kilichokaa chini kwenye ardhi kina nafasi ya kuupoteza. Mdomo wa pampu ya kituoni uguse mdomo wa dumu muda wote. Wala usijaze mpaka pomoni: lita 25 zikipanda joto nyuzi 20 zinaongezeka karibu nusu lita, na nusu lita hiyo itatafuta pa kutokea. Kunyonya petroli kwa mdomo sisemi sana. Ikiingia mapafuni ni hospitali, na aliyemeza msimtapishe.

Kabla ya kufungua kabureta, mtungi wa poda wa kuzimia moto ukae mkononi mwa mtu, siyo chini ya bao la omo, kule mbele, ambako hufiki kama nyuma kunawaka. Msaidizi wangu kazi yake leo ni hiyo tu: anashika mtungi, anasimama upande upepo unakotoka. Ndoo ya mchanga mkavu ipo hapa kwa moto mdogo. Maji usimwagie. Petroli ni nyepesi kuliko maji, itaelea juu yake ikiwa inawaka na itakwenda yanakokwenda. Mtungi huu mdogo unatoa poda sekunde kumi hivi, basi usipige ndimi za moto, piga pale chini zinapoanzia, ukifagia kushoto na kulia. Ukiisha na moto bado upo, ruka chini, wahamishe watu, piga 114 kwa Zimamoto. Boti iache.

Sasa fungua. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kutolea petroli. Weka kopo la bati lenye kifuniko, siyo chupa ya maji iliyokatwa ambayo upepo ukija inalala. Ikishatoka, funga kopo. Chujio na vipande vya kabureta tunavipeleka kule kwenye meza, nje ya boti, na kuviosha kwa petroli kidogo na brashi. Mikono usioshee petroli. Matambara yaliyolowa yaanikwe kwenye upepo moja moja, mbali na watu. Ukiyarundika ndani ya boti umeshaweka mvuke ndani ukiwa umejichosha kuutoa.

Tumefika kwenye plagi, na hapa naomba mtulie. Mnajua tunavyopima: unachomoa plagi, unaiegemeza kwenye kichwa cha mashine, mwenzako anavuta kamba, mnatazama cheche. Mashine iliyovutwa asubuhi nzima ikakataa, silinda zake zimejaa petroli mbichi. Ukivuta kamba pistoni inapanda na kuitema nje kwa unyunyu kupitia tundu la plagi. Na wewe cheche umeiweka inchi tatu kutoka kwenye tundu hilo. Uso wako uko wapi? Hapo hapo, unachungulia.

Fanya hivi. Toa kile kibanio cha kamba ya kuzimia, ili pasiwe na umeme wa plagi kabisa. Toa plagi zote, vuta kamba mara tano au sita, uso pembeni, petroli iteme yote. Pangusa. Acha upepo upite dakika kumi. Kisha ziba matundu yote kwa plagi za zamani. Ile unayotaka kuipima ivishe waya wake, na uunge mwili wake na chuma cha mashine kwa kipande cha waya chenye vibanio, uishushe mbali na matundu. Ndipo urudishe kibanio na kuvuta. Kipima cheche cha dukani ni bora zaidi kama unacho. Hii yetu inatoa cheche ya buluu, nzuri, kwa hiyo tatizo lilikuwa uchafu kwenye chujio, kama mlivyoona rangi ya maji yale yaliyotoka humo.

Tunarudisha kila kitu. Tangi linapanda, nusu lita ya oili kwa lita 25 za petroli, fungua skrubu ya hewa, minya pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Hapo usiunge betri kwanza. Pitisha kidole kwenye kila kiungo cha mpira, kisha inama unuse ngamani. Ukisikia harufu, toa tangi tena, kausha kwa matambara, subiri. Pua ikizoea haikwambii kitu, mwite mtu ambaye hakuwepo kazini. Kwa boti zenye injini ya petroli ndani, chini ya sakafu, feni ya kutoa hewa iendeshwe dakika nne kamili kabla ya kuwasha.

Betri: chanya kwanza, hasi mwisho. Mashine hatuiwashi hapa juu, bila maji impela yake, ile inayosukuma maji ya kuipoza, itaungua. Petroli chafu ya kwenye kopo haimwagwi baharini, inarudi kwa mwenye karakana ikiwa imefungwa. Maji yakijaa, saa kumi na moja hivi, tutaisukuma na kuijaribu mpaka nje ya mwamba.