Cheti Kipi kwa Darasa Lipi: Masharti ya Mafunzo katika Ajira za Walimu India

Habari za mchana, walimu wenzangu. Mwenyekiti ameniomba nisizidi saa moja. Nitajitahidi, ingawa sisi walimu tukishika chaki mnatujua.

Nianze kwa kuwapa mtihani mdogo. Waombaji wawili wanataka nafasi moja ya kufundisha darasa la kwanza katika shule ya serikali India. Wa kwanza ana shahada ya sayansi ya chuo kikuu, na baada ya hapo akasoma B.Ed., yaani shahada ya ualimu, kwa miaka miwili. Wa pili aliishia darasa la kumi na mbili, akaingia chuo cha ualimu miaka miwili, akatoka na stashahada ya elimu ya msingi, ile wanayoiita D.El.Ed. Tumwajiri nani? Wanaosema wa kwanza wanyooshe mikono. (Mikono mingi inanyooshwa.) Asanteni, shusheni. Kwa sheria ya huko ilivyo leo, mmekosa. Huyo wa kwanza hana sifa.

Wenzetu wamefikaje hapo? Mwaka 2002 India iliingiza kwenye katiba yake kifungu cha 21A, kwamba elimu ni haki ya kila mtoto wa miaka 6 hadi 14. Sheria ya kutekeleza kifungu hicho ikapitishwa 2009 na kuanza kazi tarehe 1 Aprili 2010. Ilisema wazi kwamba sifa za chini za mwalimu zitapangwa na chombo kimoja cha taifa, nacho ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ualimu, NCTE. Agosti 2010 Baraza likatoa masharti yake: uwe na kiwango fulani cha elimu, uwe na cheti cha mafunzo ya ualimu wa ngazi unayoomba, na ufaulu mtihani wa sifa za ualimu, TET. Mtihani huo una maswali 150 ya kuchagua jibu, saa mbili na nusu, na mtu wa kundi la kawaida, yaani asiye wa makundi yenye nafasi za upendeleo, anatakiwa apate asilimia 60.

Sasa sikilizeni jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo yangu leo. NCTE inaweka sifa, lakini haiajiri. Wanaoajiri ni majimbo, nayo yana shida zake: madarasa hayana walimu, hazina haina fedha, uchaguzi uko karibu. Jimbo likiajiri kinyume cha sifa, kesi ikafika mahakamani miaka mitano baadaye, anayepoteza kazi si katibu wa wizara aliyesaini tangazo. Ni mwalimu aliyeliamini.

Tazameni Uttar Pradesh, jimbo lenye watu wengi kuliko yote India. Mwaka 1999 serikali ya jimbo ilianza kuajiri walimu wa mkataba walioitwa shiksha mitra. Walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la kumi na mbili, wakapewa mafunzo ya muda mfupi na posho ndogo, wakafundisha shule za vijijini kwao. Kwa serikali ilikuwa nafuu kubwa. Wakafika zaidi ya 170,000. Sheria ya 2009 ilipoingia, hao wote wakawa walimu wasio na sifa. Jimbo likawapa mafunzo ya miaka miwili kwa njia ya masafa. Hapo lilifanya vyema. Kisha likajiamulia kuwasamehe TET, na takribani 137,000 wakapandishwa kuwa walimu wa kudumu wenye mshahara kamili.

Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Allahabad, ndiyo mahakama kuu ya jimbo hilo, ikafuta ajira hizo. Hoja yake ilikuwa fupi: jimbo halina mamlaka ya kusamehe sharti lililowekwa na chombo cha taifa. Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo tarehe 25 Julai 2017. Mtu aliyekuwa ameshazoea mshahara wa mwalimu kamili, ameshakopa, watoto wako shule, akarudishwa kwenye posho ya rupia 10,000 kwa mwezi, katika shule ileile.

Mahakama haikuwa na roho mbaya. Iliagiza wapewe nafasi ya kushindana katika ajira mbili zinazofuata, wakilegezewa umri na wakihesabiwa uzoefu wao. Ajira ya pili kati ya hizo ilikuwa ya nafasi 69,000, na mtihani ukafanyika tarehe 6 Januari 2019. Kesho yake, tarehe 7, watu wameshatoka chumba cha mtihani, serikali ya jimbo ikatangaza alama za kufaulu: asilimia 65 kwa kundi la kawaida, 60 kwa makundi yenye nafasi za upendeleo. Ajira iliyotangulia ilikuwa 45 na 40. (Minong'ono ukumbini.) Ndiyo, siku moja baada ya mtihani. Kesi ikaenda hadi juu, na Novemba 2020 Mahakama ya Juu ikasema jimbo lilikuwa na haki ya kupanga alama, ila shiksha mitra waongezewe nafasi moja zaidi. Mimi kwa hilo la alama sikubaliani na mahakama hata kidogo, lakini mimi si hakimu.

Kwa nini jimbo lilipandisha alama? Moja ya sababu lilizotoa ni kwamba safari hii waombaji walikuwa wengi na bora zaidi, kwa kuwa wenye B.Ed. nao waliruhusiwa. Hapo ndipo tunarudi kwa yule kijana wetu wa kwanza.

Kwa kawaida B.Ed. ni cheti cha kufundisha madarasa ya juu. Juni 2018 NCTE, kwa msukumo wa serikali kuu, ikatoa tangazo kwamba wenye B.Ed. waweze pia kufundisha darasa la kwanza hadi la tano, mradi ndani ya miaka miwili ya kuajiriwa wasome kozi ya daraja, yaani ya kuwavusha kwenda ualimu wa msingi, ya miezi sita. Fikirieni furaha iliyokuwapo. India ina vyuo vya B.Ed. kila kona, na nafasi nyingi za kazi ziko shule za msingi. Wenye D.El.Ed. nao wakaona mlango wao umevamiwa, wakaenda mahakamani.

Mahakama Kuu ya jimbo la Rajasthan ililifuta tangazo hilo Novemba 2021. Tarehe 11 Agosti 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la Devesh Sharma, ikasema Rajasthan walikuwa sahihi. Hukumu hiyo nawasihi muisome, kwa sababu majaji wamesema jambo ambalo sisi wa vyuo vya ualimu tumelipigia kelele kwa miaka bila kusikilizwa: kumfundisha mtoto wa miaka sita kusoma na kuhesabu ni utaalamu wa peke yake. Kuwa na shahada kubwa hakukufanyi uwe nao. Tena mtoto hakuahidiwa na katiba kukaa darasani tu, ameahidiwa elimu yenye ubora, na ubora unaanzia kwa mwalimu aliyefunzwa kwa ajili ya umri ule.

Kielimu, sina neno la kupinga. Lakini tuangalie yaliyofuata.

Chhattisgarh, jimbo jingine, ilikuwa imeshatangaza nafasi za ualimu wa msingi kabla ya hukumu, na tangazo lilikubali B.Ed. Vijana wakafanya mtihani, wakafaulu, wakapangiwa shule, wengi wao maeneo ya ndani kama Bastar na Surguja. Barua zao zilikuwa na mstari mmoja kwamba ajira inategemea uamuzi wa mahakama. Nani anayesoma mstari ule siku anapopata kazi? Aprili 2024 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba walioajiriwa kabla ya 11 Agosti 2023 bila sharti la aina hiyo wabaki kazini. Hawa hawakuwa kwenye kundi hilo. Mwisho wa 2024 karibu walimu 2,900 wakaachishwa kazi, na Raipur, mji mkuu wa jimbo, ikawa na maandamano miezi kadhaa. Aprili 2025 baraza la mawaziri la jimbo likakubali kuwapa 2,621 kati yao nafasi za walimu wasaidizi wa maabara za sayansi. Walau hapo mwajiri alibeba sehemu ya mzigo wake. Ni nadra, ndiyo maana nalitaja.

Na ile kozi ya daraja ya miezi sita? Iliahidiwa 2018. Mahakama ya Juu ndiyo iliyoiagiza NCTE, Aprili 2024, iiandae ndani ya mwaka mmoja. Yaani mwalimu alipewa miaka miwili amalize kozi ambayo mwenye kuitoa alikaa nayo miaka sita.

Mwalimu pale nyuma anasema walimu wetu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nao walianza hivyohivyo. (Kicheko.) Ni kweli kwa sehemu. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Tanzania iliwachukua vijana wa darasa la saba, wakawa wanafundisha huku wanasomeshwa, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowafuata kwenye kata. Lipo la kulalamikia kuhusu ubora, sitabisha. Ila mafunzo yalipangwa pamoja na ajira. Uttar Pradesh walianza na ajira, na miaka zaidi ya kumi ikapita kabla ya mafunzo kamili.

India nayo ilijaribu kuziba pengo kwa mkupuo. Sheria ilirekebishwa 2017, ikawapa walimu waliokuwa kazini bila mafunzo hadi tarehe 31 Machi 2019 wawe wamefuzu. Taasisi ya shule huria, NIOS, ikaandikisha zaidi ya milioni 1.3, wakasoma kwa intaneti na televisheni. Kwa ukubwa wake ni kazi ya kustaajabisha. Lakini kozi ilikuwa ya miezi 18, na punde wahitimu walipoomba kazi mpya serikalini wakaambiwa sharti ni miaka miwili. Kesi tena. Ukisoma elimu ya ualimu India, utajikuta unasoma sheria.

Kuhusu wakufunzi wa ufundi nitapita haraka. Vyuo vyao vya ufundi, ITI, vinataka mkufunzi awe na cheti cha fani au stashahada ya uhandisi, kisha asome mwaka mmoja wa ukufunzi, CITS, ambamo mbali na ufundi wenyewe anafundishwa namna ya kuandaa somo na kumwelekeza mwanafunzi kwenye mashine. Chuo chao cha kwanza cha aina hiyo kilianza 1948. Fundi mzuri wa kuchomelea si lazima ajue kumfundisha mwingine kuchomelea, na hilo wenzetu walilielewa mapema.

Kabla hamjaniambia kwamba suluhisho ni kuongeza vyeti, nikumbushe kwamba Sera ya Elimu ya 2020, ikirejea tume ya Jaji Verma, inakiri yenyewe kwamba vyuo vingi vya ualimu vinavyojitegemea, zaidi ya 10,000, havijaribu kufundisha kwa dhati, vinauza shahada. Ni serikali inayosema, si mimi. Kwa hiyo unamfukuza mtu kwa kukosa karatasi ambayo jirani yake aliinunua.

Namalizia na jambo bichi, maana swali lake limeshaletwa mezani. Tarehe 1 Septemba 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba TET inawahusu hata walimu walioajiriwa kabla sharti hilo halijakuwapo. Aliyebakiza zaidi ya miaka mitano kustaafu amepewa miaka miwili afaulu, la sivyo anastaafishwa na mafao yake. Aliyebakiza chini ya miaka mitano anaachwa amalize, ila hapandishwi cheo bila kufaulu TET. Majimbo kama Uttar Pradesh na Tamil Nadu yameomba hukumu hiyo ipitiwe upya.

Muulizaji anataka kujua kama naiona ni haki. Chukua walimu wawili wa shule moja, wote waliingia kazini 1998 kwa sifa zilizotakiwa wakati ule. Mmoja ana miaka 51, mwingine 56, na jimbo lao linastaafisha kwa 60. Wa 56 anabaki darasani bila mtihani. Wa 51 asipofaulu anaondoka. Kama sababu ni ubora wa anachopata mtoto, mtoto wa darasa la huyu wa 56 anaye mwalimu yuleyule kwa miaka minne mingine. Mimi ningeanza na mafunzo kazini kwa wote wawili, yalipiwe na jimbo, ndipo nifikirie mtihani. Bi Mwenyekiti, nadhani kuna mkono mwingine upande wa kushoto.