Naani, Pu: Opera ya Amistad na Watu Wasiosikika

Mabibi na mabwana, shikamooni wakubwa zangu. Nimeombwa nizungumzie opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, ya Amistad, aliyoitungia muziki Mmarekani Anthony Davis na binamu yake, Thulani Davis, akaandika maneno. Ilionyeshwa kwanza Chicago, mwaka 1997. Niruhusuni nianzie melini.

Mwaka 1839 Waafrika 53, wengi wao Wamende wa Sierra Leone ya leo, walipakiwa Havana, Kuba, kwenye merikebu ndogo, Amistad. Kwa Kihispania ni “urafiki”. Ndiyo, chekeni tu. Mpishi akawaonyesha kwa ishara kwamba wataliwa. Usiku mmoja wao, Sengbe Pieh, akajifungua pingu kwa msumari, wenzake wakatwaa mapanga ya kukatia miwa. Nahodha na mpishi wakauawa. Wahispania wawili waliowanunua wakaachwa hai wawapeleke mashariki, kwao. Mchana waliongoza kulikochomoza jua. Usiku, kimyakimya, wakageuza usukani kaskazini. Ndivyo walivyofika pwani ya Long Island, Marekani, kisha jela ya New Haven.

Hapo ndipo mtunzi anapokwama. Opera ni sauti ya mtu ikijaza ukumbi mzima, na hawa sauti wanazo, wa kuwasikia hayupo! Profesa Josiah Gibbs wa Chuo Kikuu cha Yale, akitafuta mkalimani, akajifunza kwao kuhesabu moja hadi kumi kwa Kimende, akashuka bandarini New York akihesabu kwa sauti mbele ya mabaharia kama mtu aliyerukwa na akili, mpaka kijana mmoja, James Covey, akamwelewa. Covey naye aliwahi kuuzwa utumwani, akaokolewa baharini.

Kimende ni lugha ya toni: ukipandisha sauti pasipotakiwa, neno linageuka. Muziki tayari umo ndani ya tarakimu. Nne ni naani. Isikilizeni karibu na nne yetu. Kumi ni pu.

Opera yenyewe inaimbwa kwa Kiingereza. Wakina Davis wakapitia mlango mwingine: wakampandisha melini mungu mjanja, ambaye nyie mngemwita ndugu yake Sungura, aliyesafiri na mateka na kuona yote. Yeye ndiye anayetueleza. Yuko pia mungu wa kike wa maji, anayewaomboleza waliozama njiani. Mimi sehemu ya kesi yao mahakamani hunichosha kidogo, hata akisimama John Quincy Adams, rais wa zamani wa Marekani, kuwatetea. Nikiwa na mungu wa maji, nitamtaka wakili wa nini? Mwaka 2008 kazi ilirudi jukwaani ikiwa imerekebishwa, huko Charleston, bandari ambako maelfu ya Waafrika waliteremshwa kuuzwa.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaachia huru Machi 1841. Waliobaki hai, 35, walifika Freetown Januari 1842.

Sasa wanakwaya mlioko nyuma, simameni. Sauti ya nne ianze chini: naani. Polepole. Wengine subirini niwape ishara, ndipo mjibu: pu.