Breki ya Bendi Ina Upande Wake

Wazee wangu shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Leo nashika jambo moja tu kuhusu breki ya bendi: inataka kujua dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka, inaelekea upande gani.

Umbo lake mnalijua, ukanda wa chuma wenye lainingi (bitana ya kusugua) ndani, umeizunguka dramu. Ncha moja imefungwa kwenye fremu, nyingine inavutwa na wenzo. Nguvu inatoka wapi? Mfugaji wa Sanya Juu hashindani na dume kwa mikono, anazungusha kamba kwenye mti, mti unambebea. Ndivyo ilivyo hapa. Dramu ikizunguka kutoka ncha ya fremu kuelekea ncha ya wenzo, msuguano unaukokota ukanda, mzigo mkubwa unaangukia fremu.

Tupige hesabu. Ukanda umeshika robo tatu ya dramu, kipimo cha msuguano ni 0.3. Vuta kwa kilo 10: upande wa fremu unabeba 41, na tofauti yake, 31, ndiyo inayozuia dramu. Sasa geuza mzunguko, vuta kilo 10 zilezile. Unapata 7 na nusu! Hakuna kilichoharibika hapo, ila mzigo umehamia kwenye wenzo wako.

Grisi je? Msuguano ukishuka hadi 0.1, zile 31 zinabaki 6. Msuguano umepungua mara tatu, breki mara tano. Ndiyo maana mimi siamini winchi yenye bendi inayovuja oili, hata mwenyewe akiapa.

Magari ya zamani yalikuwa na bendi nje ya dramu. Fikiria gari hilo linapanda kutoka Himo kwenda Marangu, injini inazima, linarudi nyuma: breki inageuka dhaifu pale pale unapoihitaji. Ongeza vumbi letu na matope. Breki za viatu, vipande vinavyotanuka na kusukuma dramu kutoka ndani, zikachukua nafasi.

Lakini bendi haikufa. Ford Model T, ya 1908 hadi 1927, ilikuwa na tatu ndani ya giaboksi, na giaboksi nyingi za otomatiki zimezitumia kushikilia dramu ya gia. Msumeno wa mnyororo nao unayo: ukiruka, kinga ya mkono inasukumwa mbele, springi inaukaza ukanda, mnyororo unasimama papo hapo. Wanaopasua mbao, kagueni unene wa ukanda huo. Ukiwa umelika sehemu moja, badilisha, msiuchomelee.